Handbreki ya Land Rover 109: nibaki na dramu ya kwenye transfa, niweke diski, au nihamishie breki kwenye magurudumu?

#1 Msambaa109

Wakuu, heshima kwenu.

Nina Land Rover Series III 109 ya dizeli, lita 2.25, pikapu. Liko kazini huku Lushoto, linabeba mboga kutoka mashambani kushuka nazo Mombo. Injini nzima, giaboksi nzima, breki za mguu nimezifanya upya zote. Kinachoninyima raha ni handbreki. Tukipakia kwenye mteremko navuta mkono mpaka mwisho, na gari bado linajisogeza polepole, kijana anakimbia na jiwe. Njia hiyo hiyo wanafunzi wanapita kwenda shule. Sitaki kuendelea hivi.

Ushauri wa mtaani uko wa aina tatu. Mmoja anasema ng'oa dramu ya kiwandani, agiza seti ya diski inayokaa pale pale nyuma ya transfa (boksi la gia linalogawa nguvu kwa eksel za mbele na nyuma). Wa pili anasema badili eksel ya nyuma, weka yenye handbreki kwenye magurudumu. Wa tatu anasema weka ile valvu inayobana mafuta ya breki, unakanyaga pedali, unafunga valvu, unashuka.

Hela iliyopo inatosha jambo moja. Tairi ni 7.50-16, difu ni za kiwandani, uwiano wa 4.7. Naombeni ushauri wa waliokwisha kushika vitu hivi kwa mikono yao.

#2 Hamisi_wa_Gerezani

Mkuu, hiyo ya tatu ndiyo nafuu na inafungwa kwa nusu siku. Magurudumu yote manne yanabana, siyo mawili. Mimi ningeanzia hapo.

#3 Fundi_Transfa

Msambaa109, karibu. Nipo Arusha na kazi yangu kubwa ni hizi Series na Defender. Nitaandika kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe ni la roho za watu.

Kwanza namba 2 hapo juu, kwa heshima zote: usifanye hivyo. Valvu inayofunga mafuta ya breki ni msaada wa dakika chache, dereva akiwa karibu na gari. Haishiki kwa chuma, inashika kwa presha iliyofungiwa ndani ya mabomba. Mpira mmoja wa silinda ukivuja tone kwa tone, presha inashuka bila sauti yoyote. Hata bila kuvuja, ukishuka mlima breki zikapata moto halafu ukaegesha, mafuta yakipoa yanasinyaa na presha inapungua yenyewe. Ukirudi baada ya saa moja gari halipo ulipoliacha. Handbreki ya kuegesha lazima ishikiliwe na chuma kwa chuma: mkono, meno, fimbo au waya. Valvu hiyo ifunge kama nyongeza ukipenda, isiwe mbadala.

Sasa tuje kwenye gari lako. Handbreki ya Series haishiki gurudumu. Ni dramu ya inchi 9 iliyofungwa kwenye mlango wa nyuma wa transfa, inashika propela ya nyuma (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu), na propela ndiyo inashika difu, na difu ndiyo inashika magurudumu. Watu wengi wanaidharau kwa sababu ni ndogo na iko moja tu. Angalia hesabu yake.

Chukua gari lenye mzigo, tani 2.5, kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani kila mita 5 za mbele unapanda mita 1. Uzito unaolivuta gari kushuka ni kama kilo 490. Tairi lako lina nusu kipenyo cha kama sentimita 38. Kwa hiyo kwenye eksel unahitaji nguvu ya kuzuia mzunguko ya kama niutoni mita 1,800. Breki ikikaa magurudumuni, inabidi mbili zigawane hizo 1,800. Breki ikikaa kwenye propela, difu yako ya 4.7 inaizidishia nguvu mara 4.7, na dramu inatakiwa kushika chini kidogo ya 400 tu. Ndiyo maana dramu moja ndogo, ikiwa kavu na imesetiwa, inafunga magurudumu ya nyuma kabisa.

Hapo hapo kuna mtego. Wapo wanaobadili difu za Series wakaweka za Range Rover, 3.54, ili gari likimbie barabara kuu. Hesabu ile ile inapanda hadi kama 515. Handbreki yao imepoteza robo ya nguvu siku hiyo hiyo na hakuna aliyewaambia. Ukiongeza na tairi kubwa, inazidi kupungua. Wewe difu zako ni 4.7, usiziguse.

Kwa hiyo swali langu kabla ya duka: ingia chini, tazama sehemu ya chini ya ile sahani ya dramu. Pamelowa oili?

#4 Msambaa109

Mkuu nimeingia chini saa hii. Pamelowa, siyo kidogo. Oili imechanganyika na vumbi imekuwa kama ugali mweusi kuzunguka dramu yote, na upande wa propela kuna michirizi imerushwa mpaka kwenye sakafu ya bodi.

#5 Fundi_Transfa

Basi handbreki yako haijafa. Imelowa.

Sili (mpira wa kuzuia oili) ya mlango wa nyuma wa transfa imechoka. Oili ya giaboksi inatoka kando ya shafti, inaingia ndani ya dramu, inanyonywa na viatu vya breki. Hata ukivuta mkono mpaka uupinde, viatu vinateleza. Ukiweka viatu vipya leo bila kugusa sili, baada ya muda mfupi utarudi hapo hapo. Na ukiagiza diski ya bei mbaya ukaifunga mbele ya sili inayovuja, utakuwa na diski ya bei mbaya iliyolowa oili.

Sili yenyewe ni rahisi. Kinachochelewesha watu ni vitu vitatu vinavyoiua tena.

Cha kwanza ni flenji, kile kipande kinachounganisha shafti ya transfa na propela. Ukiitoa, pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitaziba. Ama tafuta flenji nyingine, ama vika ile soksi nyembamba ya chuma inayotengenezwa kwa kazi hiyo, ama sili mpya ikae milimita moja mbili pembeni ya mfereji kama nafasi ipo.

Cha pili ni tundu la kupumulia la transfa. Likiziba kwa matope, oili ikipata moto hewa inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Magari mengi ya shamba nimekuta tundu hili limeziba kabisa na mwenye gari kabadili sili mara kwa mara akilaumu mwenye duka.

Cha tatu, fungua nati ya kupimia kiwango cha oili ya transfa. Oili ikimwagika kwa wingi na hakuna aliyeijaza, ujue giaboksi inapitisha oili yake kuingia transfa. Giaboksi inakauka, transfa inafurika, sili inazidiwa. Hilo lishughulikie, maana hapo handbreki ni dalili tu.

Baada ya hapo dramu isafishwe au ichongwe kidogo kama ina mistari, viatu vipya, springi mpya. Usijaribu kuchoma viatu vilivyolowa ili oili itoke. Inatoka juu, ya ndani inarudi ukishapata moto.

Na fimbo. Series inavuta kwa fimbo na viungo, siyo waya. Pini zikilika na matundu yakapanuka, nusu ya mvuto wako inaishia kwenye ulegevu. Mtu mmoja avute mkono, mwingine awe chini akitazama: kila kiungo kinachocheza bila kusukuma cha mbele yake, hapo ndipo nguvu yako inapotelea.

Kuseti ni hivi: kabari kwenye tairi, handbreki umeiachia, kaza ajasta ya kwenye sahani mpaka viatu vibane dramu, kisha legeza meno mawili, utaisikia ikigonga. Halafu ndipo useti fimbo. Ukianza na fimbo kabla ya ajasta utapata mkono mgumu usioshika.

#6 Laikipia_FJ

Wadau, niwasalimu kutoka Nanyuki. Mimi si mtu wa Land Rover lakini Toyota Land Cruiser FJ40 yangu ya 1976 ilikuwa na ugonjwa huo huo. Toyota nao waliweka dramu nyuma ya transfa kwenye gari hizi, na sili nayo inavuja vilevile.

Mimi nilichukua njia ya pili, ya magurudumu. Sababu zangu zilikuwa mbili. Kwanza naingia sana kwenye laga (mito ya msimu), mchanga na matope. Dramu ya transfa iko katikati ya gari chini, maji yenye mchanga yanaingia na hayana haraka ya kutoka. Viatu vinasagika kama vimepigwa msasa. Pili, niliogopa shafti ya nyuma kukatika. Breki ikiwa kwenye propela na hafu shafti moja (ile inayotoka difu kwenda gurudumu) ikakatika, handbreki haishiki kitu tena, propela inasimama na gari linaenda.

Fundi wa jua kali aliniwekea eksel ya nyuma ya Land Cruiser 75 yenye dramu na waya wa handbreki. Vikalio vya springi vilichomelewa upya, propela ikakatwa, mabomba ya breki yakabadilishwa. Nimeridhika, ila msidhani ni uponyaji. Kile chuma cha kona kinachopokea waya kwenye sahani ya breki kinashika kutu na kukwama. Kikikwama umeachia mkono lakini breki haijaachia, dramu inaungua njiani. Lazima nikifungue na kukipaka grisi kila nifanyapo huduma ya breki. Na gharama ya kazi nzima ilizidi mara nyingi bei ya sili na viatu.

#7 Fundi_Transfa

Laikipia_FJ umesema kweli tupu, hasa hiyo ya hafu shafti. Za nyuma za Series nyingi zinajulikana kwa kukatika, na siku ikikatika kwenye mlima unategemea breki ya mguu peke yake. Njia ya magurudumu ina haki yake. Lakini kwa mtu wa Lushoto anayebeba mboga barabara ya vumbi, hapiti kwenye mito ya mchanga, kukata eksel ya gari zima ni kutibu kidole kwa kukata mkono.

Niongeze jambo moja kwa wanaowaza kalipa za diski zenye handbreki magurudumuni. Diski ikipata moto inanenepa kidogo. Ukitoka mlimani umetumia breki sana, ukaegesha na kuvuta mkono, diski ikipoa inarudi wembamba wake na kalipa inalegea. Gari lililoshika vizuri saa nne linaweza kuteleza saa tano. Dramu tabia yake ni kinyume: ikipata moto inatanuka, ikipoa inabana viatu zaidi. Kwa barabara kama ya Lushoto kushuka Mombo hilo si jambo dogo. Mwenye kalipa hizo avute tena mkono baada ya breki kupoa, na aache gari kwenye gia.

#8 Mzaramo_Birmingham

Habari zenu ndugu zangu. Niko Birmingham, jirani kabisa na Solihull zinakotoka gari hizi. Nina Defender 90 yenye transfa ya LT230 na nimefunga diski, ile X-Brake ya X-Eng. Niseme nilichokiona.

Uzuri wake: hakuna bakuli la kukusanya matope. Ukitoka kwenye tope diski inajisafisha yenyewe ikizunguka. Pedi unaziona kwa macho bila kufungua propela, unazibadilisha ukiwa umelala chini. Na sili ikianza kuvuja unaiona mapema, haijifichi ndani ya dramu.

Ubaya wake: diski haijisaidii. Dramu, gari likitaka kuzunguka, kiatu kimoja kinavutwa kujibana zaidi. Diski inashika kwa nguvu ya kalipa tu, kwa hiyo waya ukilegea kidogo unasikia tofauti papo hapo. Pedi nazo ziko wazi kwa vumbi na matope, zinalika hata kama hujavuta mkono. Waya wangu nauangalia mara kwa mara.

Na kaka Msambaa109, seti hizi za diski nyingi zinafikiria mkono unaovuta waya. Wewe una fimbo. Maana yake ni kubadili na mkono wenyewe, kutafuta pa kuushikia waya kwenye chesisi, na kuhakikisha haugusi ekzosi. Kabla hujalipa muulize muuzaji transfa yako kwa jina. Ya LT230 haiingii kwenye transfa ya Series.

Watu huku wananiuliza kama hiyo dramu ya kwenye propela ni teknolojia iliyopitwa. Range Rover ya 1970 ilitoka na diski magurudumu yote manne na bado handbreki wakaiacha kwenye transfa. Defender ilibaki nayo mpaka uzalishaji ulipoisha Januari 2016. Wahandisi walijua wanachofanya.

#9 Hamisi_wa_Gerezani

Fundi_Transfa nimekuelewa kuhusu valvu, ahsante. Ila nina swali. Kuna jamaa anasema gari la namna hii linaweza kuanguka kwenye jeki hata handbreki ikiwa nzima kabisa. Ni kweli?

#10 Fundi_Transfa

Ni kweli na naomba kila mwenye Series, Defender, Discovery ya kwanza au FJ40 yenye dramu ya transfa asome hapa.

Jionee mwenyewe kwa usalama: nyanyua eksel yote ya nyuma, weka stendi imara pande zote mbili, zuia tairi za mbele kwa kabari. Vuta handbreki mpaka mwisho. Sasa zungusha gurudumu la kushoto kwa mkono. Litazunguka. La kulia litazunguka kinyume chake, na propela haitasogea hata kidogo. Difu ndiyo inafanya hivyo, ndiyo kazi iliyoumbiwa.

Sasa fikiria umenyanyua gurudumu moja tu ili ubadili tairi. La chini likitaka kuviringika, la juu linazunguka kinyume kwa raha zake. Handbreki imeshika propela barabara na gari linashuka kwenye jeki. Ndivyo watu wanavyoumia.

Dawa kwa Series: vuta mkono mwekundu nyuma uingize lo (gia nzito ya transfa), hapo fo-wili inaingia yenyewe na propela ya mbele inashikwa pamoja na ya nyuma. Kama una habu za kufungua na kufunga mbele, zifunge, la sivyo umeshika propela isiyounganishwa na tairi. Kwa Defender weka difu loki ya katikati na uhakikishe imeingia kweli, maana wakati mwingine inahitaji gari lisogee kidogo ndipo meno yaingie. Na bado, pamoja na hayo yote, kabari mbili kwenye gurudumu la upande wa pili.

Jambo jingine la kukumbuka: wenye winchi au mashine inayozungushwa na transfa, ukiweka transfa nyutro gia haikusaidii tena kuzuia gari. Handbreki imebaki peke yake, kabari ni lazima.

Na kamwe usiivute gari likiwa kwenye mwendo kama breki ya dharura, isipokuwa breki ya mguu imekufa kabisa na huna njia nyingine. Zile nguvu mara 4.7 nilizozisifu, kwenye mwendo zinapita kwenye krosi (viungo vya propela), difu na hafu shafti kwa mshtuko mmoja.

#11 Mzaramo_Birmingham

Naongezea la ukaguzi. Huku mkaguzi anayejua hapandishi gari lenye breki ya propela kwenye zile rola za kupimia handbreki, anapima kwa njia nyingine. Kiwango chao ni asilimia 16 ya uzito kama breki ya mguu ina mikondo miwili ya mafuta, na 25 kama ni mkondo mmoja. Popote mnapokaguliwa na kuna rola, mwambieni mkaguzi mapema handbreki iko wapi.

#12 Laikipia_FJ

Na kipimo cha nyumbani? Nani ana njia nzuri? Wengi wetu tunavuta, tunaona limesimama, tunaridhika.

#13 Fundi_Transfa

Ninavyopima mimi: chukua ubao wa mita moja, weka levo juu yake, ulaze barabarani ukielekea mlimani. Nyanyua mwisho wa chini mpaka levo ikae sawa. Ukipata sentimita 20 kati ya ubao na barabara, hapo ni asilimia 20. Tafuta sehemu kama hiyo isiyo na watu chini yake. Pakia mzigo wa kawaida, siyo gari tupu. Dereva abaki ndani, mguu juu ya pedali. Kabari ziwekwe upande wa kushuka, hatua moja kutoka kwenye tairi, zisiguse. Nyutro, vuta mkono, achia pedali taratibu. Gari litajisogeza kidogo kuchukua ulegevu wa difu na krosi, hilo ni la kawaida kwa breki ya propela, kisha lisimame. Subiri dakika tano. Halafu geuza gari urudie likitazama chini, maana viatu havishiki sawasawa pande zote mbili.

Mkono ukifika mwisho wa meno kabla ya kushika, rudi chini ukaseti.

#14 Msambaa109

Wakuu, nimesoma yote, na mengine nimesoma mara mbili. Nimemwonyesha na kijana wangu ile habari ya jeki, alikuwa hajui, na mimi sikuwahi kumweleza.

Uamuzi wangu: nabaki na dramu. Nimeshafungua. Propela nati nne, dramu skrubu ndogo zilikuwa zimeganda ikabidi zigongwe kwanza. Viatu vimelowa mpaka rangi yake imebadilika, ukiviminya kwa kidole vinaacha doa. Flenji ina mfereji, ukucha unakwama. Tundu la kupumulia limeziba kama Fundi_Transfa alivyosema, nililichokonoa kwa waya likatoa donge la udongo mgumu. Oili ya transfa nimefungua nati, iko kiwango chake, haikumwagika, nashukuru.

Nanunua sili, viatu, springi, pini zote za fimbo, na flenji nyingine. Kinachobaki kwenye bajeti nanunua kabari mbili nzuri za chuma na stendi. Swali la mwisho: flenji ya mtumba kutoka Series nyingine naweza kuiamini, au nitafute hiyo soksi?

#15 Fundi_Transfa

Ya mtumba ichukue kama ukucha unapita bila kukwama na matundu ya boliti za propela hayajapanuka. Ukikuta zote zina mfereji, nunua soksi, lakini ipimwe na fundi mwenye maikromita, siyo kwa makadirio, kwa sababu ikiwa legevu itateleza juu ya flenji. Paka oili kidogo kwenye mdomo wa sili kabla ya kuingiza, usiipige nyundo upande mmoja. Nati kubwa ya flenji ikazwe ipasavyo na pini mpya ya kufungia.

Ukimaliza kufunga, endesha kwanza bila mzigo, kisha chungulia chini ya ile sahani kwa tochi. Pakiwa pakavu ndipo uiseti mara ya mwisho na uende kwenye mteremko na ubao wako.